Mkutubi Aliyetaka Kurudi Darasani

Kwetu Marachi nimewaona vijana walioitwa chuoni kusomea ukutubi wakiipokea barua kwa huzuni. Mzazi alitarajia udaktari au uhandisi. Mtoto naye anadhani amepewa kazi ya kupangusa vumbi rafuni. Vijana hao, pamoja na walimu wao, ningependa wayatafakari maisha ya S. R. Ranganathan, Mhindi aliyezaliwa mwaka 1892.

Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1924 aliteuliwa kuwa mkutubi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Madras. Kilichomvuta ni mshahara, kwani hakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Hazikupita siku nyingi upweke ukamshinda, akaomba arejeshwe darasani. Alishauriwa aende kwanza London akasome. Akirudi na moyo wake ungali mzito, angepewa tena ualimu.

Huko hakuishia kusikiliza mihadhara, bali alizuru maktaba nyingi na kujionea jinsi zinavyowahudumia watu wa kila namna, hata watoto. Aliporejea mwaka 1925 hakuutaka ualimu tena. Aliitumikia maktaba ya Madras kwa takriban miaka 20. Mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, na mwaka 1933 mfumo wake wa kuainisha vitabu, uliochochewa na kichezeo cha kuunganisha vipande alichokiona dukani London. Mimi mwanaisimu huustaajabia mfumo huo: vipande vidogo vyenye maana huungana mithili ya viambishi katika kitenzi cha Kiswahili. Kabla ya kufariki mwaka 1972, alikuwa ametoa akiba yake kuanzisha uprofesa wa ukutubi Madras.

Funzo ni wazi. Mapenzi ya kazi si lazima yatangulie. Aghalabu huzaliwa na matayarisho mema. Tangu mwaka 1963 Wakenya waliweza kuvuka mpaka kusomea ukutubi Makerere, na tangu 1988 Chuo Kikuu cha Moi kina kitivo cha taaluma za habari. Basi mafunzo yapo. Lakini mwanafunzi aliyelelewa katika shule ambayo maktaba yake ni stoo yenye kufuli ataipendaje kazi asiyoiona ikifanywa? Walimu wenzangu, tuzifungue kwanza maktaba zetu, ndipo tuwalaumu vijana.