Nahodha Aliyepiga

Agostino Di Bartolomei alizaliwa mjini Roma 1955, akawa nahodha wa timu ya Roma iliyotwaa ubingwa wa Italia 1983. Mei 30, 1984, nyumbani kwao, fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Ulaya dhidi ya Liverpool ilikwisha 1-1, ikaamuliwa kwa penalti. Nahodha alipiga, akafunga. Falcão, Mbrazili, nyota wao, hakupiga. Conti na Graziani wakakosa, Roma ikalala 4-2, na lawama zikamwangukia Falcão.

Mimi, ndugu wasomaji, simlaumu. Ajuaye mwili haumtii akajitia kimbelembele ndiye wa kulaumiwa. Ila nampa heko nahodha, mtu wa kimya asiyekwepa mzigo. Mwaka uleule alihamia Milan. Kwa sababu azijuazo Mola, alijitoa uhai Mei 30, 1994, miaka kumi kamili tangu usiku ule.