Mtunzi Aliyepelekwa kwa Daktari

Ule wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanweli tunaouimba pande zote za mpaka, unamjua aliyeutunga? Ni William Cowper wa Uingereza, aliyezaliwa 1731. Mwaka 1763 sonona ilimlemea mpaka akajaribu kujiua. Ndugu zake hawakumfungia ndani kwa aibu. Walimpeleka St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, akatibiwa kwa muda mrefu. Tena huko huko kwa daktari ndiko alikookoka!

Baadaye alihamia Olney, kwa mchungaji John Newton. Mwaka 1773 ugonjwa ulimrudia. Newton alimkaribisha nyumbani kwake, akakaa naye zaidi ya mwaka. Nyimbo zao zilichapwa 1779. Giza lilimrudia mara nyingine, lakini aliishi hadi 1800, akitunzwa na marafiki.

Basi wewe usiyelala, usiyetamani kula, unayewaza kufa: usinyamaze. Mwambie mtu leo hii, na mwende wote hospitali. Kumwona daktari si kukosa imani. Maombi yetu tutakuombea huku unatibiwa.