Muhammed Said Abdulla: Muumba wa Bwana Msa aliyeiondolea mizimu lawama ya mauaji

WASOMAJI wengi wa riwaya za Kiswahili wanamfahamu Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni na akili kali kama wembe, kuliko wanavyomfahamu mtu aliyemuumba. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo halikuokotwa njiani, bali limetokana na herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi mwenyewe, Muhammed Said Abdulla.

Mwandishi huyo alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Aprili 25, 1918, enzi ambazo Zanzibar ilikuwa na Sultani juu ya kiti na Mwingereza nyuma ya kiti. Alisoma katika shule ya wamisionari, akahitimu mwaka 1938, kisha akaajiriwa na Idara ya Afya akiwa mkaguzi.

Kazi ya mkaguzi wa afya ni kubisha hodi katika nyumba za watu, kutazama pembe zisizotazamwa na kuuliza maswali yasiyopendwa. Kwa muda wa takriban miaka kumi aliifanya kazi hiyo, na haikosi kuwa ilimfaa baadaye alipoanza kumtuma mpelelezi wake katika kazi inayofanana nayo.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Katika siasa za Zanzibar za wakati ule, Al Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Kwa hiyo alizijua hoja za pande mbili zilizokuwa zikivutana, na alizijua kutoka ndani. Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akalitumikia hadi alipostaafu mwaka 1968.

Ushindi uliofungua njia

Wakati huo huo alikuwa akiandika hadithi. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatwaa nafasi ya kwanza. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960, na hivyo riwaya ya upelelezi ikapata makazi katika lugha ya Kiswahili.

Mbegu yake ilitoka Uingereza. Arthur Conan Doyle alikuwa amemleta Sherlock Holmes duniani mwaka 1887, na baada yake waandishi kama Agatha Christie na Dorothy Sayers wakaijaza fasihi ya Kiingereza maiti zinazogunduliwa katika majumba ya mabwana wakubwa, huku wageni wakiendelea kunywa chai na kutiliana shaka. Mauaji yakawa burudani ya jioni, na msomaji akawa hakimu asiye na joho.

Muhammed Said Abdulla aliichukua mbegu hiyo akaipanda katika udongo wa Unguja. Badala ya jumba la mwinyi wa Kiingereza, kuna mashamba na nyumba za matajiri wa kisiwani. Badala ya Daktari Watson, kuna Najum, rafiki mwaminifu anayeshangaa kwa niaba ya msomaji. Damu haimwagwi kwa kishindo, mazungumzo yamejaa utani na ubishi, na Kiswahili chake ni kile laini cha Unguja ambacho wengi walijifunzia ladha ya lugha.

Nani muuaji?

Hata hivyo, chini ya mzaha huo palikuwa na jambo zito. Katika kitabu cha kwanza, maiti ya tajiri Bwana Ali inakutwa mzimuni. Katika Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, jina lenyewe linaleta hofu, kwa kuwa katika simulizi za Visiwani Giningi ni makao ya wachawi.

Mkazi yeyote wa pwani, awe wa Makunduchi au wa Kiegeani kisiwani Mafia, anaujua uzito wa neno mzimu. Kifo kikishatwishwa mizimu, uchunguzi umekwisha, muuaji analala usingizi na marehemu hapati haki. Bwana Msa anakataa hitimisho hilo. Hamdhihaki anayeamini, ila anadai ushahidi, kwa kuwa kisu hushikwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ana sababu yake.

Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, fundisho hilo halijachakaa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifuta dunia ile ya mamwinyi, lakini yeye aliendelea kuiandikia. Vikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Wako wahakiki waliomlaumu kwa kuyapa kisogo Mapinduzi na kwa kumfuata mno Holmes. Wasomaji, kwa upande wao, waliendelea kuvitafuta vitabu vyake.

Alifariki dunia mwaka 1991. Njia aliyoifyeka ilipitiwa na wengi: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Wapelelezi hao wa bara walibeba bastola. Mzee wa Unguja alitosheka na kiko, na swali lililoulizwa kwa upole hadi mwongo akajikwaa mwenyewe.