Charles Darwin na Nyungunyungu

Charles Darwin alizaliwa Uingereza mwaka 1809. Zamani zile watunza bustani wengi waliwachukia nyungunyungu, wakidhani huharibu mimea. Darwin hakusadiki maneno matupu, akataka kupima. Mwaka 1842, katika kijiji cha Downe, alitandaza vipande vya chokaa shambani, akangoja miaka 29. Mwaka 1871 akachimbisha mtaro, akaikuta chokaa imezikwa inchi 7 chini. Nyungunyungu walikuwa wameifunika kwa udongo walioutoa juu, kidogo kidogo. Tena aliwafuga vyunguni, akaona jinsi walivyovuta majani makavu mashimoni, wakayala, yakageuka udongo wenye rutuba. Haya yote aliyaandika kitabuni mwaka 1881, akafa mwaka uliofuata. Hivyo kiumbe aliyedharauliwa akajulikana kuwa msaidizi wa mkulima.