Mária Telkes, Malkia wa Jua

Wanachama wenzangu, nani asiyeijua sola juu ya paa? Basi mjueni Bi. Mária Telkes. Alizaliwa mwaka 1900 mjini Budapest, Hungaria, akasomea kemia, kisha akahamia Marekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alibuni kifaa cha kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa kwa joto la jua.

Mwaka 1948, huko Dover, Massachusetts, yeye na msanifu majengo Eleanor Raymond walikamilisha nyumba iliyopashwa joto na jua tu. Upande wa kusini ulikuwa wa vioo, na nyuma yake mabati meusi. Mchana chumvi maalum iliyeyuka. Usiku ikaganda na kutoa joto. Kumbe baada ya miaka michache chumvi ile iliharibika, likawekwa tanuri!

Lakini kuteleza si kuanguka. Mwaka 1973 Bi. Telkes alishiriki katika Solar One, nyumba ya Chuo Kikuu cha Delaware iliyopata joto pamoja na umeme kutokana na jua.

Alifariki mwaka 1995, akiwa Budapest. Basi wenzangu, jaribio likikataa maabarani, msitupe daftari. Rudieni tena!