Profesa Smith: Mwalimu wa kemia aliyemsaka silikanti kwa miaka 14

SAMAKI wa ajabu aliponaswa na wavu wa meli ya uvuvi katika bahari ya Malindi mwaka 2001, alikuwa silikanti wa kwanza kujulikana kuvuliwa katika maji ya Kenya. Hata hivyo, jina lake la kitaalamu, Latimeria chalumnae, lilikuwa limeshatolewa mwaka 1939 na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha kemia.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa Septemba 26, 1897 mjini Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipigana Afrika Mashariki, akarejea kwao akiwa mgonjwa. Mwaka 1922 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kisha akafundisha kemia mjini Grahamstown. Wakati wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza samaki.

Desemba 22, 1938, nahodha Hendrik Goosen alifika katika bandari ya East London akiwa na samaki wa buluu mwenye urefu wa mita moja na nusu na magamba magumu. Msimamizi wa makavazi ya mji huo, Bi Marjorie Courtenay-Latimer, alimchora na kumtumia Smith mchoro huo kwa barua. Barua ilimfikia Januari 3, 1939, akiwa likizoni Knysna. Mara moja alituma telegramu kuomba mifupa na matamvua vihifadhiwe.

Alikuwa amechelewa. Kwa joto la msimu ule samaki alikuwa ameanza kuoza, na matumbo yalikuwa yametupwa. Vilivyosalia vilikuwa ngozi, fuvu na baadhi ya mifupa.

Hayo yalitosha kumtambua. Mapezi ya silikanti hayakuota moja kwa moja mwilini kama ya changu au kolekole. Mengi yake yameshikwa na vigutu vya nyama na mifupa, mithili ya miguu. Samaki wa ukoo huo walijulikana kwa visukuku tu, na iliaminika kwamba walitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita.

Hata hivyo, Smith alijua alichokikosa. Umbo la nje humpa mtaalamu jina la mnyama, lakini jinsi anavyopumua, anavyosaga chakula na anavyozaa hujulikana kwa kuchunguza moyo, matamvua, utumbo na viungo vya uzazi. Visukuku huhifadhi mifupa, ilhali viungo laini huoza. Silikanti alikuwa nafasi adimu ya kuona sehemu za ndani za mnyama wa ukoo huo wa kale.

Kwa hiyo alianza kumsaka wa pili. Alichapisha vikaratasi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi zawadi ya pauni 100. Mwaka 1946 aliacha kemia na kujitolea kabisa kwa utafiti wa samaki. Mwaka 1952 yeye na mkewe Margaret walizuru pwani ya Afrika Mashariki. Huko Zanzibar walikutana na mfanyabiashara wa baharini, Eric Hunt, aliyechukua vikaratasi hivyo hadi Visiwa vya Komoro.

Desemba mwaka huo, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua silikanti kisiwani Anjouan. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, alimpa Smith ndege ya kijeshi kumfuata. Alimkuta samaki amepasuliwa ili atiwe chumvi. Viungo vingi vya ndani vilikuwapo, lakini ubongo ulikuwa umeharibika.

Baadaye Ufaransa, iliyotawala Komoro, iliwazuia watafiti wa nje. Kazi kubwa ya kuchunguza mwili wa silikanti ikafanywa Paris na Jacques Millot na Jean Anthony. Ilibainika kwamba badala ya uti wa mgongo wenye pingili kamili, samaki huyu ana mrija uliojaa majimaji. Ubongo wake ni mdogo mno, na sehemu kubwa ya nafasi iliyomo ndani ya fuvu imejaa mafuta. Ana pafu lisilotumika kuvuta hewa. Mwaka 1975, jike lililopasuliwa Marekani lilikutwa na vitoto tumboni, ikathibitika kwamba silikanti huzaa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1956, Smith alimwita samaki huyo mzee wa miguu minne, akiamini kwamba hutembea juu ya sakafu ya bahari. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alimpiga picha akiwa hai kilindini, akaona kwamba huogelea tu. Hata hivyo, mapezi yake hupishana kama hatua za mnyama anayetembea.

Smith hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Januari 1968 akiwa na umri wa miaka 70. Mkewe aliiendeleza kazi yake kupitia taasisi ya utafiti wa samaki mjini Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda.

Silikanti wa Malindi alihifadhiwa, na wageni wa makavazi ya mji huo wamejionea vigutu vilevile vilivyomwezesha Smith kumtambua. Kwa wavuvi wa Malindi na Kilifi, yaliyompata Smith ni funzo kwamba samaki asiyejulikana na afikishwe kwa wataalamu akiwa mzima, kabla ya kisu kupita tumboni mwake.