Imamu Ghazali na Mizani ya Tawakali

Watu wengi wa mwambao wa Afrika ya Mashariki hulisikia jina la Ghazali wakiwa bado vyuoni, kabla hawajajua mji wa Tus uko wapi. Masharifu wenye asili ya Hadhramaut, ambao elimu yao ilienea Lamu, Mombasa na Unguja, walikithamini mno kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Isitoshe, Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, naye Ghazali alikuwa fakihi wa madhehebu hayo hayo. Hata hivyo, maisha yake hayajulikani kwa kiwang'o kile kile cha jina lake. Nayo yanastahili kujulikana, hasa na yeyote ajiulizaye swali ambalo halijakoma kuwashughulisha waumini: ikiwa riziki, uzima na mauti vimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, mja ajitaabishe kwa nini? Ghazali aliliandikia swali hilo jawabu refu. Lakini kabla ya kuliandika alikuwa amekwisha kupambana nalo maishani, na mara moja nusura limwangamize.

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058, huko Tus katika nchi ya Khurasan, ambayo sehemu yake leo imo kaskazini mashariki mwa Irani. Wasimulizi wa zamani husema kwamba baba yake alikuwa fukara aliyejipatia chakula kwa kusokota nyuzi za sufu. Alipohisi ajali yake imekaribia, alimwita rafiki yake mmoja aliyekuwa sufi, akamkabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, ili wasomeshwe. Akiba ile haikudumu. Yule sufi, ambaye naye hakuwa na kitu, aliwaambia waziwazi kwamba zimekwisha, akawashauri waingie madrasa ambako wanafunzi hupewa chakula. Hivyo ndivyo mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Uislamu alivyoanza safari yake ya elimu: kwa kutafuta mkate. Alipokuwa mtu mzima hakulificha jambo hilo, bali alikiri kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine, na elimu yenyewe ikakataa kuwa ya yeyote ila Mungu.

Katika ujana wake alisafiri hadi Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, akasoma huko na kuandika madaftari mengi ya masomo. Njiani akirejea, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Wenzake waliridhika kwamba roho zao zimesalimika. Ghazali aliwafuata wale wanyang'anyi. Kiongozi wao alimtishia kwamba asiporudi atauawa, naye akamsihi arudishiwe madaftari yake tu, kwa kuwa hayangewafaa kitu. Yule jambazi akauliza ni madaftari gani hayo. Akajibiwa kwamba ni maandishi yaliyomo mkobani, ambayo kijana huyu amehama kwao ili ayasikie, ayaandike na kuyajua. Jambazi akacheka. Akamuuliza vipi anadai kuyajua, ilhali mkoba ukichukuliwa yeye hubaki bila elimu yoyote. Kisha akaamuru arudishiwe mkoba wake.

Kisa hiki kimesimuliwa na wengi, na mara nyingi huishia kwenye kicheko cha yule mwizi. Kilichofuata ndicho chenye uzito zaidi. Ghazali aliyapokea maneno yale kama onyo alilopelekewa na Mungu kwa kinywa cha mnyang'anyi. Alipofika Tus hakuketi kusubiri Mungu amtie elimu kifuani. Alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, hata ikawa lau angeporwa tena asingepungukiwa na kitu. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetegemea nakala alizozirundika chumbani anaweza kujiona hapo bila ya kuonyeshwa.

Kutoka Tus alikwenda Nishapur kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, mwalimu mkuu wa zama zile, akakaa naye hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085. Baadaye alijiunga na baraza la Nizam al-Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki, ambako wanazuoni walishindana kwa hoja mbele ya wakubwa. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, waziri huyo alimteua kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Hapakuwa na cheo cha ualimu kilichokuwa na fahari zaidi. Wanafunzi 300 walimzunguka, na sauti yake ilisikizwa na khalifa na sultani.

Miaka minne baadaye sauti hiyo ilikatika. Ghazali mwenyewe ameeleza yaliyompata katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal. Alipoichunguza nia yake aligundua kwamba hafundishi kwa ajili ya Mungu bali kwa ajili ya jaha na sifa. Kuanzia mwezi wa Rajabu mwaka 488, yaani Julai 1095, alivutwa huku na huku kwa muda wa karibu miezi sita. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad, jioni azma ikalegea. Hatimaye ulimi ukafungwa. Alijilazimisha kufundisha walau siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, lakini hakuweza kutamka neno. Huzuni ikashuka tumboni, hata mchuzi haukupita wala tonge moja haikusagika. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umetoka moyoni na hauna dawa madhali siri iliyomo haijatulizwa.

Ndipo alipomwelekea Mola wake kama mtu aliyeishiwa na hila zote. Kwa maelezo yake, alijibiwa, na kuiacha jaha, mali, watoto na marafiki kukawa kwepesi. Msomaji wa haraka atadhani kwamba hapa pana mfano wa mtu aliyeacha kila kitu na kujitupa tu. Sivyo. Alipopata nguvu ya kuondoka, Ghazali alipanga safari yake kwa uangalifu mkubwa. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni amekusudia Sham, kwa kuhofia khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Nafasi yake ya kufundisha ilishikwa na Ahmad, ndugu yake. Mali aliigawa, lakini hakuigawa yote: alibakisha kiasi cha kumtosha na chakula cha watoto wake. Tena alitoa hoja ya kifakihi, kwamba mali ya Iraki ni wakfu kwa maslahi ya Waislamu, na hapana mali bora zaidi kwa mwanachuoni kuwalishia wanawe. Mtu aliyekuwa ametoka tu katika ugonjwa wa kushindwa kumeza aliikumbuka hesabu ya unga wa nyumbani kwake.

Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu mchana kutwa. Alizuru Jerusalemi, mji ambao Waislamu huuita Baitul Mukadas. Huko Hebroni, kwenye kaburi la Nabii Ibrahimu, aliapa kwamba hatapokea mali ya mtawala, hatakwenda kwenye mabaraza yao, wala hatajadiliana kwa ushindani. Akahiji. Kisha, asema, wito wa watoto ukamvuta kurudi nyumbani, ingawa alikuwa amekusudia asirudi kamwe.

Katika miaka hiyo ya kuzunguka na kujitenga ndipo alipoiandika Ihya, yenye vitabu 40. Kitabu cha 13 kinahusu adabu za kuchuma na kutafuta maisha. Cha 35 kinahusu tauhidi na tawakali. Wengi huvinukuu vitabu hivyo mbalimbali, kana kwamba vimeandikwa na watu wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine mtawa. Kosa hilo limewapotosha wasomaji wa pande zote mbili.

Tawakali, kwa mafunzo ya Ghazali, ni hali ya moyo, nayo ina daraja tatu. Ya kwanza ni kama imani ya mwenye kesi kwa wakili wake. Ya pili ni kama ya mtoto mchanga kwa mama yake, asiyemjua mwingine wa kumlilia. Ya tatu ni kama maiti mikononi mwa mwosha. Hii ya mwisho ndiyo ya juu kabisa, na ndiyo inayopendwa na wavivu. Lakini Ghazali anaongeza kwamba hali hiyo ni nadra na haidumu. Hupita usoni kama weupe wa mtu aliyeshtuka. Zaidi ya hayo, ule mfano wa kwanza umebeba hoja nzima. Mwenye kesi aliyemwamini wakili wake ndiye anayefika siku aliyoambiwa na kuleta hati aliyoagizwa. Kuzifuata desturi za wakili ni sehemu ya kumwamini.

Kisha anaziainisha njia za kupatia mahitaji. Ziko zilizo yakini, kama mkono kunyooka kuelekea chakula. Anayekaa mbele ya sahani akingoja Mungu amuumbie shibe bila mkate, au amtume malaika amtafunie, huyo ana wazimu na hana tawakali. Vivyo hivyo anayetaka mazao bila kupanda. Ziko zinazodhaniwa kwa nguvu, kama masurufu ya safari. Ziko pia za kuwaza tu, kama hila ndefu za kuchuma, ambazo mwenye tawakali hazimfai. Tiba nayo ameipima kwa mizani hiyo: kuumika na dawa ya kuharisha vimo katika kundi la kati, ilhali kuchomwa kwa chuma cha moto na kuzinguliwa vimo katika la mwisho.

Anasimulia habari za mtawa mmoja aliyejitenga na miji, akaketi chini ya mlima siku saba, akiapa kutomwomba mtu hadi riziki imjie. Alikaribia kufa. Akajulishwa kwamba hatapata kitu mpaka aingie mjini na kuketi na watu. Alipoingia, huyu akamletea chakula, yule kinywaji. Mungu hupenda zaidi kumlisha mja kwa mikono ya waja wengine. Anamtaja pia Ibrahim al-Khawwas, sufi mashuhuri aliyekwenda jangwani bila chakula, lakini hakuachana na sindano, mkasi, kamba na chombo cha maji. Nyasi huweza kupatikana jangwani. Maji ya kisima hayapandi yenyewe.

Sehemu iliyo nzito zaidi ni ile ihusuyo mwenye familia. Mtu peke yake, akiwa na moyo wa kuhimili njaa, anaweza kuacha kuchuma. Mwenye watu wa kuwalisha hana ruhusa ya kuwatwika njaa kwa jina la tawakali yake mwenyewe. Kuwawekea akiba ya mwaka mmoja hakumtoi mtu katika tawakali, kwani Mtume naye aliwawekea wake zake chakula cha mwaka. Abubakar alipokwisha kupewa ukhalifa, asubuhi yake alionekana akielekea sokoni na nguo za kuuza, mpaka Waislamu walipomkatia posho. Nani angethubutu kusema Abubakar hakuwa na tawakali?

Wasomaji wa falsafa huona mgongano hapa. Katika Tahafut al-Falasifa, aliyoimaliza mwaka 1095, Ghazali alikana kwamba moto ndio unaounguza pamba kwa lazima. Mwunguzaji ni Mungu. Vipi basi ahimize njia ambazo hazina nguvu? Jibu limo katika neno ada. Mungu ameifanya desturi yake kuumba kuungua pale moto unapokutana na pamba, na mja anatakiwa kuiheshimu desturi hiyo bila kuiabudu. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua kwamba karibu msamiati wote wa mjadala huu umo kinywani mwake: wakili, ada, riziki, tawakali, kadari. Sababu, ambayo kwa Ghazali ni njia ya kufikia jambo, katika Kiswahili imebaki zaidi na maana ya kiini cha jambo, na wakati mwingine kisingizio. Ajali nayo imetoka kwenye muda uliopangwa wa kufa ikaishia pia barabarani, kwenye mgongano wa magari. Uhamaji huo wa maana ungestahili utafiti wa peke yake.

Mwaka 1106 Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, alimtaka Ghazali arejee kufundisha, safari hii katika Nizamiyya ya Nishapur. Wapo wanaoona kwamba kukubali kulikaribia kuvunja kiapo cha Hebroni, na hawakosi hoja. Yeye alijihoji kwa namna nyingine: je, kuendelea kujitenga si uvivu, kupenda raha na kuitunza heshima ya nafsi isiudhiwe na watu? Aliyeacha kazi kwa ajili ya Mungu alianza kuutilia shaka utulivu wake kama alivyoutilia shaka umaarufu wake. Akaenda, akafundisha kwa muda, kisha akarudi Tus, ambako karibu na nyumba yake alikuwa na madrasa ya wanafunzi na makazi ya Masufi.

Alifariki huko tarehe 18 Desemba 1111. Ahmad amesimulia kwamba siku hiyo alitawadha, akasali alfajiri, akaomba aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akanyoosha miguu kuelekea kibla. Abd al-Ghafir al-Farisi, aliyemfahamu, ameandika kwamba hakuacha watoto ila mabinti. Alikuwa na njia za maisha, nyingine za urithi na nyingine za kuchuma, zilizomtosha yeye na watu wa nyumbani kwake. Alipewa mali nyingine nyingi, akazirudisha.